Kituo Kisicho na Jina

Jumatano hiyo haikuwa na ubaya wowote. Jua la Julai lilikuwa limekausha maharage uani mpaka maganda yanapasuka yenyewe, na Maximilla alikuwa anayapura taratibu kwa fimbo, mtoto mgongoni, huku mumewe Anania akitoa magunia kwenye stoo ya nyuma, moja baada ya jingine, vumbi hadi kwenye kope, anaimba. Nyumba ilikuwa ya marehemu bibi yake Anania, iko Murungu, ukitoka Kibondo unafika kabla jasho halijakutoka kama una pikipiki nzuri, tofali za kuchoma, bati, vyumba vitatu na hiyo stoo. Maximilla ni mtoto wa mama yangu mkubwa. Nimelala nyumba ile mara mbili, na niliipenda, kwa hiyo msidhani naandika kwa chuki.

Anania alikuwa anataka ile stoo iwe chumba cha redio. Si redio ya kusikilizia taarifa ya habari, hapana, redio ya kuongelea, ile wenyewe wanaiita redio kol. Miaka sita alikuwa opereta katika shirika moja lililohudumia wakimbizi kule Nyarugusu, kazi yake kuita magari na kuitikia magari, na shirika lilipofunga ofisi wakauza vitu kwa mnada, wenzake wakaja na viti na magodoro, yeye akaja na redio kuukuu imefungwa kwenye shuka kama maiti ya mtoto. Hilo la maiti alilisema Maximilla mwenyewe siku ile kwa utani. Analijutia mpaka leo.

Akafanya mtihani, akapata leseni ya redio ya ridhaa. Maana yake unaongea hewani na watu usiowajua kwa kupenda tu, si kazi wala si biashara, na mamlaka wanakupa jina lako la hewani, herufi na namba, ambalo lazima ulitaje kila unapofungua mdomo. Anayeita bila kutaja jina haitikiwi. Kwanza aulizwe yeye ni nani.

"Wanaume wenzako wananunua pikipiki," Maximilla alimwambia. "Wewe unajijengea kanisa la waya."

"Mama Hazwe, tulia. Siku nikiongea na Brazili utanichinjia kuku."

"Kuku wa nani? Hao Wabrazili waje naye."

Wakacheka, na mtoto mgongoni akacheka kwa sababu wao wamecheka. Ininahazwe ndilo jina lake, Hazwe kwa kifupi, miezi kumi, na alikuwa katika ule umri mtamu wa kusema bila kusema, ma-ma-ma asubuhi, ta-ta-ta jioni, ukimwita jina anageuka na mwili mzima kama kifaranga. Hicho ndicho kitu alichokuwa anakipenda Maximilla kuliko vyote, kule kugeuka. Alikuwa anamwita bila sababu, ili ageuke tu.

Kazi ya chumba ilichukua wiki mbili. Wakaziba nyufa, wakapiga plasta na chokaa, wakamwaga sakafu ya saruji, wakagandisha trei za mayai ukutani ili sauti isirudi, na Anania akaunga meza ya mbao za mkaratusi yenye tundu la kupitishia nyaya. Sola juu ya bati, betri ya lori chini ya meza. Kwa nje akasimamisha nguzo ndefu akisaidiwa na Twalibu, mchomeleaji wa Kibondo, akavuta waya wa antena kutoka nguzoni hadi kwenye kona ya nyumba.

"Anania," Twalibu alimpigia kelele akiwa juu ya ngazi, "huku ukipanda kidogo tu unamsalimia marehemu bibi."

"Msalimie! Mwambie stoo yake imepata cheo."

Ikabaki ati, waya wa kushusha umeme ardhini. Redio ya namna ile inahitaji nondo ya shaba ichimbiwe ardhini, ndefu kuliko mtu, iungwe na mashine kwa waya mnene, radi ikija ishuke, na sauti itoke safi. Ardhi inayotakiwa ni yenye unyevu. Wakazunguka nyumba yote, na Julai ile udongo wa Murungu ulikuwa umekauka kama tofali, ila nyuma ya stoo, chini ya upenu, pale maji ya mvua yanapodondoka kutoka kwenye bati, palikuwa na unyevu. Mvua ilikuwa na miezi miwili haijanyesha. Palikuwa na unyevu, peusi, na pamelainika.

"Ona bahati," Anania alisema. "Kiangazi chote hiki! Ati inapenda hapa."

Alipiga nyundo mara nne, nondo ikakataa kwenye kitu kigumu. Akapiga ya tano. Ikaingia ghafla, nusu nzima kwa pigo moja, kama inavutwa. Wakamimina chumvi na mkaa kuzunguka nondo kama mafundi wanavyofanya, Twalibu akalipwa, akaondoka. Maximilla alikuwa amesimama pale na mtoto. Anasema Hazwe aliacha ta-ta-ta zake, akatazama chini, akaitazama ile nondo kwa muda mrefu mno kwa mtoto wa miezi kumi.

Mwanzoni ilikuwa raha. Kila saa kumi alasiri Anania alifungua redio na kuongea na mzee Sylvesta wa Kasulu, mwalimu mstaafu, mtu wa ridhaa kama yeye, wanapeana hali ya hewa na bei za mahindi na kuchambana kidogo, na Maximilla akipika nje anasikia kupitia dirishani, ova, roja, ova, anacheka peke yake.

Siku ya tatu kikaingia kituo kingine. Kilikuwa hakisemi. Sylvesta akimaliza tu kuongea, kabla Anania hajabonyeza kitufe chake, katikati pale kilipita kitu kama pumzi. Pumzi fupi, ya kifua kidogo. Kesho yake tena. Na Anania, mtu wa taratibu, akafanya alichofundishwa miaka sita, alichofanya mara elfu.

"Kituo kinachoita, jitambulishe. Jina lako nani? Ova."

Pumzi.

"Kituo kinachoita, nakusikia lakini huna jina. Taja jina. Ova."

Akauliza hivyo siku nne mfululizo, kwa heshima, kwa subira. Sylvesta alisema ni mitambo ya watu wa ng'ambo ya mpaka. Anania alisema labda ni mgeni wa kazi, anaogopa kipaza sauti, tumzoeshe. Ndiyo neno alilotumia. Tumzoeshe.

Siku ya tano ya kuuliza alikuwa amempakata Hazwe. Mtoto anapiga kelele zake, ma-ma-ma, na baba kwa furaha ya baba akamsogezea kipaza sauti mdomoni, akabonyeza.

"Mzee Sylvesta, nina opereta mpya hapa, msikilize. Huyu anaitwa Ininahazwe. Narudia, jina ni Ininahazwe. Hazwe. Ova."

Sylvesta alicheka hadi akakohoa. Akamaliza. Halafu kwenye spika ikatoka sauti ya mtoto.

Ma-ma-ma.

Maximilla alisimama mlangoni na mwiko mkononi. Alimwona mumewe. Kidole hakikuwa kwenye kitufe. Na Hazwe mapajani alikuwa kimya, mdomo wazi, kama mtu aliyepokonywa kijiko.

Mimi nina wangu wa miezi saba. Tangu niyasikie haya, jina lake nalitaja ndani tu, tena sikioni.

Kesho yake saa kumi Anania aliuliza kwa mazoea, kituo kinachoita, jitambulishe. Safari hii hakikusubiri.

"Hazwe."

Neno zima, kwa sauti ndogo ya maji maji. Mtoto wa miezi kumi hawezi kulisema. Maximilla akakimbilia mkekani kwa binti yake, akamwita, Hazwe! Hakugeuka. Akampigia makofi, akageuka. Akamwita tena kwa jina. Hakugeuka. Alikuwa anachezea ganda la harage, ametulia, kana kwamba anaitwa mtu mwingine.

Ndani ya wiki moja ma-ma-ma zikakauka. Ta-ta-ta zikakauka. Halafu kilio. Analia, machozi yanatiririka, uso unajikunja, mdomo unafunguka mpaka unaona kimio, na hakitoki kitu. Hata mkwaruzo hautoki. Kwenye kituo cha afya walimmulika masikio, wakammulika koo, wakasema mzima huyu, mama punguza wasiwasi. Anania akaogopa, akaichomoa redio, akaipeleka betri kwa Twalibu, Kibondo, ikae huko. Akafunga mlango kwa kufuli.

Siku ya tatu Sylvesta akapiga simu. Maximilla ndiye aliyepokea.

"Mama Hazwe, mwambie mumeo afunge mashine. Mtoto ameachwa kwenye kipaza sauti tangu asubuhi. Anaongea kweli huyo! Ananiita hadi babu."

Maximilla alikuwa amesimama mbele ya kufuli.

"Ila mwangalizie uji wake," Sylvesta alisema. "Anasema ana njaa."

Simu ikaanguka.

Waliyempigia wao ni shangazi Pelagia, dada wa baba yake Anania, anaishi Kasanda, ndiye mkubwa aliyebaki katika ukoo. Familia hii ilivuka kutoka Burundi zamani, wamekuwa raia, wengi wamezaliwa huku, lakini Anania alilelewa bweni la misheni, likizo kambini kwa wajomba, mila za nyumbani aliokota nusunusu. Pelagia alishuka kwenye bodaboda saa saba mchana, mama mwembamba mwenye kilemba cheupe, akaonyeshwa chumba, akakisifu chokaa yake. Akauliza waya huu mnene unaenda wapi. Akaufuata kwa mkono, ukutani, nje, mpaka nyuma.

Alipoiona nondo alivua ndala.

"Yoo," alisema polepole. "Nani amepiga hii?"

"Mimi, shangazi."

"Na mkasema kitu hapa?"

Anania hakuelewa. Pelagia akakaa chini, akawaeleza akinong'ona, mkono ameuweka juu ya mdomo ili maneno yasishuke. Kwao mtoto akifa kabla hajapewa jina hazikwi pamoja na watu wengine. Anazikwa chini ya upenu, nyuma, maji ya paa yamnyeshee asione kiu. Hakuna kaburi. Hakuna kilio. Na pale hapasemwi neno, maana aliyekufa bila jina hajui kwamba amekufa. Anasubiri kuitwa. Ukimsemesha anaamka. Ukimuuliza jina analitafuta. Ukimpa...

Akamtazama Hazwe.

"Ni wa nani?" Maximilla aliuliza.

"Wangu," alisema Pelagia. "Nilikuwa na miaka kumi na saba. Aliishi siku nne. Nilikuja kujifungulia kwa mama, hapa hapa."

Maximilla akapiga magoti kwenye udongo ule. Akaishika miguu ya yule mama, mtoto mgongoni ametoa macho tu.

"Shangazi, nakuomba kwa Mungu. Mwambie amrudishie mwanangu jina."

"Anayeweza kumkataza ni mama yake peke yake," Pelagia alisema. "Inasemwa mara moja. Huna jina, lala. Basi, anarudi alikotoka. Inuka, mwana wanje, mwanangu. Nitasema. Ndiyo maana nimekuja."

Anania akaenda mbio Kibondo kuichukua betri. Saa kumi alasiri, jua kali, kuku wanaparua uani, kila kitu cha kawaida, Pelagia akaingia chumbani akaketi kwenye kiti cha opereta. Anania akamwonyesha kitufe, akatoka. Mlango ukabaki nusu wazi. Maximilla alisimama kizingitini, anaona mgongo wa kilemba cheupe na mkono umeshika kipaza sauti, na Hazwe kifuani, amemfungia kanga mbele sasa, hataki kumweka nyuma asikomwona.

Spika ikakoroma.

Ikatulia.

"Mama," ilisema.

Pelagia hakubonyeza.

"Sema, shangazi," Maximilla alinong'ona. "Sema sasa."

"Mama. Mama upo?"

Kidole kikashuka kwenye kitufe. Maximilla alikiona. Kikabonyeza. Akamkaza mtoto, akasubiri yale maneno matatu tu, huna jina, lala, maneno matatu, kitoto kidogo kinaweza kuyasema.

"Ego, mwana wanje," Pelagia alisema. "Ndiyo, nipo. Ego, Hazwe."

Maximilla alipiga ukelele wa watu kusikia mpaka barabarani. Alimvuta yule mama kwa kilemba, akamwangusha sakafuni, na Anania akaja kuwaachanisha. Pelagia hakupigana. Alikuwa analia na anacheka, uso umelowa, amependeza kama bibi harusi.

"Nisameheni. Miaka arobaini na sita. Sikuzaa tena, mnajua. Hakuna aliyewahi kuniita mama."

"Na mimi?" Maximilla alisema. "Na mimi je?"

Yule mama akamtazama kwa huruma ya kweli kabisa. Hiyo huruma ndiyo inayomwamsha Maximilla usingizini.

"Wewe bado kijana," alisema. "Utazaa wengine."

Akavaa ndala zake. Akapanda bodaboda, akarudi Kasanda. Watu wa njiani walisema alikuwa anaimba nyimbo za kubembeleza, hora, hora, na mkono mmoja ameukunja mgongoni kama aliyebeba.

Anania alivunja redio kwa shoka. Aliangusha nguzo. Aliing'oa nondo, na ile nondo iliyopigwa kwa nyundo mara tano ilitoka kwa mkono mmoja, laini, na shaba yake ilikuwa ya uvuguvugu. Haikusaidia. Sylvesta alipiga simu jioni ile ile, sauti imebadilika, akasema Anania, samahani, nimezima redio yangu na bado namsikia. Wiki iliyofuata simu yake haikupatikana tena.

Wakahama. Walipanga chumba Kasulu mjini, karibu na soko, mahali pa kelele, pikipiki, wauza mitumba, spika za matangazo, Maximilla alitaka kelele. Anania anatengeneza simu barazani. Mchungaji mmoja akambatiza mtoto upya, Sophie. Walimwita Sophie wiki nzima, kwa zamu, kwa pipi, kwa mwanasesere. Hakugeuka. Jina halikumshika, lilimteleza kama maji kwenye jani la muhogo. Siku hizi hageukii hata makofi. Anakonda. Ziwa ameliacha mwenyewe tangu Murungu, ukimwekea anatazama pembeni, analishwa uji kwa kijiko, na nusu unarudi. Manesi waliandika wakasema mleteni tena, wakaleta tena, wakaandika tena. Maximilla ameacha kuuliza wanaandika nini.

Nilimtembelea mwezi uliopita. Nilimkuta anakoka jiko, tukaongea mambo ya watu. Mwenye nyumba akapita na ndoo yake, mama mcheshi, hajui lolote kuhusu Murungu.

"Mama Sophie," alisema, "huyo binti yako ananyonya kama ndama! Nikiwa kwangu nasikia ukutani, mchana kutwa, anacheka na kunyonya. Mshukuru Mungu, mimi mwenzio, wangu walikuwa wanakataa."

Akapita. Maximilla aliendelea kupepea jiko. Moto ulikuwa umeshashika.

"Dada," nilimwambia, "si ulisema ameacha ziwa miezi mitatu?"

Aliniongoza ndani. Sophie alikuwa amelala kitandani anatazama dari, macho wazi, mikono imekaa kama imewekwa. Maximilla akafunga mlango, akafungua vifungo vya blauzi.

Ziwa la kulia lilikuwa limenywea, limekauka, kama la mwanamke aliyeachisha. La kushoto lilikuwa limejaa. Lilikuwa linadondosha.

"Nikilala kidogo mchana," alinong'ona, "nikiamka limeshakuwa jepesi. Halafu linajaa tena. Nimejaribu kutolala. Yule mama kule Kasanda hana maziwa."

Akaligeuza nuruni. Kuzunguka chuchu kulikuwa na alama za meno. Madogo, makali, mapya, damu haijakauka. Nne juu, mbili chini.

Nikamgeukia mtoto. Nikamfungua mdomo kwa kidole, naye akaniachia tu. Nikapapasa juu, nikapapasa chini.

Fizi zilikuwa laini. Hapakuwa na kitu.